Tuisome Asia kwa Maswali ya Kwetu

Hotuba ya kufungua kongamano la utafiti la wanafunzi wa shahada ya kwanza kuhusu masomo ya Asia, Moshi

Ndugu mwenyekiti, wahadhiri wenzangu, wazazi na walezi mliokuja kuwaunga mkono vijana wenu, na nyinyi wanafunzi wenye shughuli: shikamooni wakubwa zangu, na wengine wote hamjambo. Naomba itifaki ichukuliwe kuwa imezingatiwa, maana muda niliopewa ni mfupi na jambo nililo nalo ni kubwa.

Nimesoma ikisiri za mada zote zitakazowasilishwa. Zimenifurahisha sana. Kuna aliyekaa na wafanyabiashara wa Arusha wanaoleta simu na vipuri kutoka Guangzhou, China, akaandika jinsi wanavyochanga mitaji na kusafirisha mzigo kwa pamoja. Kuna aliyewafuata madalali wa tanzanite kuanzia Mererani mpaka kwenye meza za wanunuzi mjini. Kuna walioandika juu ya TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia ya kilomita 1,860 iliyojengwa kwa mkopo wa China usio na riba, ikakabidhiwa mwaka 1976. Kazi hizi zimetoka jasho, inaonekana.

Lakini nilipofika ikisiri ya mwisho nilibaki na swali. Karibu mada zote zinakoma pale Asia inapoacha kutugusa. Jiwe la tanzanite likishaondoka Arusha, mtafiti anafunga daftari. Mawe mengi ya Mererani yamekuwa yakikatwa na kung'arishwa Jaipur, jimbo la Rajasthan, India. Nani anayakata huko? Analipwa kwa siku au kwa jiwe? Kazi hiyo imepataje kuota mizizi Rajasthan miaka yote hii, na kwetu imekuwa ngumu kushika? Hayo ndiyo masomo ya Asia. Yaliyotangulia ni masomo ya Tanzania yenye Mwasia ndani yake. Yana thamani yake, nami nimeyafundisha kwa miaka, ila tusiyachanganye. Leo nimekuja kuwaomba mvuke.

Mji huu una haki ya kuliongoza jambo hili. Februari 1963, hapa hapa Moshi, ulifanyika mkutano wa tatu wa mshikamano wa watu wa Afrika na Asia. Wa kwanza ulikuwa Cairo, mwaka 1957 ukiisha na 1958 ukianza. Wa pili ulikuwa Conakry mwaka 1960. Wa tatu ukaja chini ya Kilimanjaro, Tanganyika ikiwa jamhuri ya miezi miwili tu. Mwalimu Nyerere aliufungua, akawatahadharisha wajumbe kwamba Afrika imeanza kugombaniwa upya. Na kugombaniwa kwenyewe kulikuwa mle mle ukumbini: wajumbe wa China na wa Umoja wa Kisovieti walivutana waziwazi, kila upande ukitaka nchi changa zisimame nyuma yake. India na China nazo zilikuwa zimetoka vitani. Mapigano ya mpaka wa Himalaya yalisimama Novemba 1962, miezi mitatu kabla ya wajumbe wao kukutana hapa.

Kijana aliyekuwa na miaka ishirini wakati ule sasa amevuka themanini. Mkutano mkubwa kama huo haukosi wapishi, madereva, wapiga chapa, askari wa zamu, na akina mama waliouza ndizi na maziwa kwa wageni. Waandishi walioushughulikia mkutano wa Moshi wamefuata zaidi ugomvi wa Moscow na Beijing. Mji wenyewe wanautaja kama mahali tu. Mwanafunzi wa hapa ana kitu ambacho mtafiti wa Beijing hana: anaweza kupanda daladala mpaka Kiborloni, akabisha hodi kwa mzee, akamwamkia, akakaa. Lakini akienda bila kujua China na Urusi zilikuwa zinagombea nini, bila kujua mjumbe wa India alikuwa na donda gani moyoni wiki ile, atamuuliza mzee maswali ya juu juu na atarudi na majibu ya juu juu. Ndiyo maana nasema tuvuke. Tunapoijua Asia ndipo hata mzee wa jirani anatufungukia.

Sasa niwapeleke kwenye mpunga, maana baadhi yenu mmeandika juu yake na mada hii nina mapenzi nayo.

Mnaijua skimu ya umwagiliaji ya Lower Moshi. Ilijengwa kwa mkopo na utaalamu wa Japani, ikakamilika mwaka 1987. Eneo lake ni kama hekta 2,300, na hekta 1,100 kati ya hizo zilipangiwa mpunga. Ambaye hajafika afike, asiishie kuisoma. Asimame kwenye banio aangalie lango la chuma lenye usukani wa kuzungusha kwa mkono, grisi nyeusi imeganda kwenye nondo yake yenye meno, maji yakipita chini kwa kishindo na kugawanyika kuingia kwenye mfereji wa saruji. Afuate mfereji huo mpaka kwenye majaruba ya Mabogini au Chekereni. Atawakuta watu wamekunja suruali na kufunga khanga, wameinama, wanapandikiza miche kufuata kamba, mstari kwa mstari. Upandaji huo wa mstari ni moja ya mambo yaliyofundishwa na mradi, na pale Chekereni kituo cha mafunzo ya kilimo, KATC, kimewafundisha wakulima na maafisa ugani wa skimu nyingine nyingi nchini.

Mbegu iliyoletwa iliitwa IR54. Hapa Moshi mradi mzima tunauita wa Wajapani, lakini mbegu ile ilitoka Ufilipino, kwenye taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mpunga, IRRI, iliyoanzishwa Los Baños mwaka 1960 kwa fedha za mifuko miwili ya Kimarekani, Ford na Rockefeller. Kwa hiyo katika jaruba moja la Mabogini kuna Japani, kuna Ufilipino, kuna Marekani ya wakati wa vita baridi iliyoamini kuwa Asia yenye njaa itakimbilia ukomunisti. Mwanafunzi anayeandika "mradi wa Kijapani" na kuendelea na safari yake amepita juu ya historia yote hiyo.

Mavuno yalipanda mpaka tani 6 hivi kwa hekta. Na mafanikio hayo ndiyo yaliyozaa mgogoro. Wakulima wa juu ya skimu, ambao hawakuwamo kwenye mradi, waliwaona wenzao wanavuna na kujenga nyumba za bati. Nao wakaanza kulima mpunga, wakiyachukua maji kabla hayajafika kwenye banio. Huwezi kuwalaumu, mto unapita mlangoni kwao. Lakini chini maji yakapungua, na mashamba yaliyochongwa kwa gharama kubwa yakakaa makavu msimu baada ya msimu.

Mgogoro huu mmeueleza vizuri. Mna nakala za daftari la zamu za maji, mmehesabu mashamba yaliyokosa, mmezungumza na viongozi wa umoja wa wakulima. Halafu kwenye mapendekezo mnaandika kwamba serikali itoe elimu. Hapo nasikitika, maana hazina ilikuwa karibu na mkaiacha. Wajapani wenyewe, kwao, waligawanaje maji? Vijiji vya Japani viligombania maji kwa karne nyingi, wa juu na wa chini, na mara nyingine watu waliumizana. Vyama vya wakulima vya kusimamia mifereji vilikuwapo muda mrefu kabla ya sheria. Mwaka 1949 sheria ya uboreshaji wa ardhi ikavipa nafasi rasmi, wakulima wakilipa ada na kuamua mambo ya maji wao wenyewe. Lango la chuma lilisafiri likafika Mabogini. Ile desturi ya kukaa, kubishana na kupatana kati ya wa juu na wa chini ilisafiri nalo? Kama haikusafiri, nani aliiacha nyuma, na kwa sababu gani?

Mtafiti huyo huyo angeenda mbele mpaka Bali, Indonesia. Wakulima wa mpunga wa kule wana mfumo unaoitwa subak, uliowekwa na UNESCO kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2012. Maji yanagawiwa kupitia mahekalu, na wakulima wa juu na wa chini hupatana tarehe za kupanda. Wa juu anakubali kumwachia wa chini maji kwa sababu wakipanda na kuvuna kwa pamoja, wadudu na panya hukosa pa kuhamia. Yaani wa chini naye ana kitu cha kumpa wa juu. Hilo peke yake linatosha kumfanya mwanafunzi arudi Mabogini na swali jipya kabisa: hapa kwetu, wa chini ana nini cha kumpa wa juu? Na asisahau mlimani, ambako Wachagga walichimba mifereji ya maji kabla Mjerumani hajafika, wakaiwekea wasimamizi, zamu na faini. Wahandisi walikuta watu wanaojua kugawana maji. Kazi itakayoiweka mifereji ya Wachagga, subak ya Bali na vyama vya maji vya Japani kwenye meza moja itatafutwa na wasomi wa Kyoto, Japani, na mwenye uwezo wa kuiandika anaweza kuwa amekaa humu.

Kahawa ni habari nyingine, na hii inauma zaidi.

Kila nyumba ya Kibosho, Marangu, Machame, ina kumbukumbu ya mwanzo wa miaka ya 2000, bei ilipoanguka mpaka watu wakang'oa mibuni au wakaiacha imezwe na migomba. Mwaka 2001 bei ya wastani ya dunia ilishuka chini ya senti 50 za Marekani kwa ratili. Wazazi waliokuwa wakilipa ada za shule kwa kahawa walilazimika kuuza ng'ombe, na wengine kuuza vihamba, mashamba yao ya nyumbani. Ukiuliza kilichotokea utaambiwa vyama vya ushirika, wanunuzi binafsi, serikali. Yote yana ukweli wake. Lakini sehemu kubwa ya jibu iko mahali ambapo watu wengi wa Moshi hawajawahi kupasikia: Buon Ma Thuot, mkoa wa Dak Lak, nyanda za juu za kati za Vietnam.

Mwaka 1986 Vietnam ilianza mageuzi ya uchumi yanayoitwa Doi Moi. Familia zikapewa ardhi za kulima kwa faida yao, na watu wengi wakahamia nyanda za juu kutoka maeneo yenye msongamano. Mwaka 1989 mfumo wa kimataifa wa kugawiana mafungu ya kuuza kahawa ukavunjika, na kila nchi ikawa huru kuuza inavyoweza. Wavietnam wakapanda robusta, aina ya kahawa ya bei nafuu, wakachimba visima, wakamwagilia wakati wa kiangazi, wakaweka mbolea kwa wingi. Kufikia mwaka 2000 hivi walikuwa wameipita Colombia na kuwa wa pili duniani nyuma ya Brazil. Leo wanavuna zaidi ya tani milioni moja na nusu kwa mwaka. Sisi nchi nzima hatujafika laki moja. Wakaangaji wakubwa walipopata robusta nyingi ya bei nafuu waliongeza kiasi chake kwenye michanganyiko yao, na arabika, aina tunayolima sisi mlimani, ikakosa mtetezi.

Mwanafunzi akiishia hapo atamwona Mvietnam kama mshindani aliyetuumiza. Avuke. Atakuta kwamba bei ilipoanguka, mkulima wa Dak Lak naye alizama kwenye madeni. Atakuta kwamba nyanda zile zilikuwa ardhi ya makabila kama Waede na Wajarai, waliosukumwa pembeni na wahamiaji na mashamba ya kahawa, na kwamba Februari 2001 waliandamana wakidai ardhi na uhuru wa dini, serikali ikawazima kwa nguvu. Mama wa Kibosho aliyeng'oa mibuni na mama wa Kiede aliyepoteza shamba la ukoo walipigwa na wimbi moja miezi ile ile, na hakuna aliyejua habari za mwenzake. Natamani kusoma tasnifu inayowakutanisha wanawake hao.

Na upande wa Japani kuna jambo ambalo kila mwanafunzi wa ushirika hapa Moshi anapaswa kulijua. Wajapani wanaipenda kahawa yetu kwa jina la Kilimanjaro. Kanuni za biashara ya kahawa kwao zinaruhusu jina hilo kutumika kwa arabika ya Tanzania yote isipokuwa ya Bukoba, na mchanganyiko unaweza kubeba jina hilo ukiwa na angalau asilimia 30 ya kahawa hiyo. Kwa hiyo kahawa ya Mbinga na ya Mbozi hunywewa Tokyo kwa jina la mlima wetu, na asilimia 70 ya pakiti inaweza kuwa imetoka nchi nyingine kabisa. Nani aliamua hivyo, lini, na mkulima wa huku aliulizwa? Majibu yapo kwenye nyaraka za Kijapani, na hapo ndipo tunapokwama.

Tunakwama kwenye lugha. Redio ya China ilianza kutangaza kwa Kiswahili Septemba 1961, hata kabla hatujapata uhuru. Osaka wanafundisha Kiswahili. Seoul, Chuo Kikuu cha Hankuk, wanafundisha Kiswahili. Watafiti wa Kijapani wamekaa kwenye vijiji vyetu, wakajifunza Kiswahili na mara nyingine lugha ya kabila, wakaandika vitabu ambavyo wenyeji wa vijiji hivyo hawawezi kuvisoma. Mimi siwalaumu hata kidogo. Nawaheshimu kwa bidii hiyo na nataka tuwe na ya kwetu. Tangu 2013 kuna taasisi za Confucius Dar es Salaam na Dodoma, na vijana wengi wanajifunza Kichina wakitafuta kazi ya ukalimani. Vizuri. Lakini ukalimani ni kusema maneno ya mtu mwingine. Tunahitaji watu wachache wa kusoma gazeti la wilaya la Yunnan, China, kumbukumbu za chama cha maji cha Niigata, Japani, hotuba ya mbunge wa Kerala, India, wakiwa na maswali yao wenyewe.

Mtaniuliza, mwalimu, vifaa viko wapi? Ripoti za JICA, shirika la Japani la ushirikiano wa maendeleo, kuhusu Lower Moshi ziko wazi mtandaoni, nyingi kwa Kiingereza. Majarida mengi ya kitaaluma ya Japani yanasomwa bure kwenye tovuti ya J-STAGE. Zanzibar, tangu mwaka 2023, kuna tawi la IIT Madras, kimoja cha vyuo vya teknolojia vya India viitwavyo IIT, nalo ni la kwanza la vyuo vile kufunguliwa nje ya India. Pale kuna walimu kutoka India ambao unaweza kuwafikia kwa boti. Si kila kitu, ila cha kuanzia kipo.

Yako mambo mengine nitayagusa kwa haraka. Wale mlioandika juu ya "jamii ya Wahindi" ya Arusha na Moshi, nawaomba muifungue jamii hiyo. Waismailia, Waithnasheri, Mabohora, Masingasinga, Wahindu wa Gujarat, Wagoa: kila kundi limekuja kwa njia yake na lina historia yake ya ndani. Mwaka 1958, uchaguzi ulipofanyika kwa utaratibu wa kura tatu, kila mpiga kura akimchagua Mwafrika, Mzungu na Mwasia, Jimbo la Kaskazini lilimpata Sophia Mustafa wa Arusha, aliyeungwa mkono na TANU. Mwaka 1971 nyumba nyingi za watu wa asili ya Asia zilitaifishwa. Mambo haya mawili yametenganishwa na miaka 13 tu, na wapo walioyaishi yote mawili. Wasikilizeni kwa heshima, na muwasikilize pia wapangaji walioingia kwenye nyumba zile.

Halafu Burma, ambayo sasa inaitwa Myanmar. Babu zetu wa KAR, jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki, wakiwamo wa vikosi vya Tanganyika, walipigana bonde la Kabaw mwaka 1944 katikati ya masika ya kule, wakasonga mpaka Kalewa kwenye mto Chindwin. Kambi ya jeshi ya Tabora iliwahi kuitwa Kalewa kwa sababu hiyo. Walioenda karibu wote wametangulia mbele ya haki, ila wajane na watoto wanazo medali, barua na picha kwenye masanduku. Zipigeni picha kabla mchwa hawajazifikia. Kisha ulizeni upande wa pili: wanakijiji wa Kabaw waliwaonaje askari hawa weusi waliokuja na Waingereza kupigana na Wajapani kwenye mashamba yao? Myanmar ya leo haiingiliki kirahisi, lakini wako wasomi wake walio uhamishoni, na barua pepe haina mpaka.

Mwisho nina ombi kuhusu adabu ya utafiti. Wakulima wa Lower Moshi wamehojiwa sana, na Wajapani, na Wazungu, na sisi. Ukienda kwa mtendaji wa kijiji na barua yako ya chuo, mweleze kwa Kiswahili cha kueleweka utafanya nini na maelezo yao. Ukimaliza, mrudishie nakala. Isiwe tasnifu nzima yenye jedwali zisizosomeka; andika kurasa nne au tano, uzipeleke ofisi ya kijiji, na ukubali kukaa nao wakikukosoa. Nimezungumza na wakuu wa idara, tumekubaliana kwamba kuanzia mwakani kila mada itakayotokana na mahojiano ya vijijini ije na ushahidi kwamba kurasa hizo zimepelekwa.

Na jambo la pili la mwakani: mada yoyote itakayoomba nafasi hapa iwe na angalau andiko moja la Mwasia, lililoandikwa kwa ajili ya Waasia wenzake, limesomwa na kujadiliwa. Kama ni kwa tafsiri, sawa, mradi useme. Kwa wanaotaka kujaribu lugha yenyewe, mimi na wenzangu wawili tutakuwa na saa ya kusoma pamoja kila Alhamisi jioni maktaba, tukianza na ripoti za Kijapani za kahawa na kamusi mezani. Aliyeanza jana na aliyesoma miaka mitatu wote waje.

Asubuhi hii nitakaa kwenye kikao cha mpunga, na mchana kwenye kikao cha biashara. Wawasilishaji msishtuke nikinyoosha mkono wa kwanza; swali langu mmeshalisikia. Ndugu mwenyekiti, natangaza kongamano limefunguliwa.